Uhandisi wa uso wa seli za kinga ni nini?

Seli T, mojawapo ya seli za kinga za mwili, haina macho. Inachokijua kuhusu seli nyingine inakijua kwa kuigusa: vipokezi vilivyo kwenye utando wake hupapasa protini za upande wa pili, kisha seli huamua iue au ipite zake. Ukibadilisha kilichopo juu ya utando huo, basi, umebadilisha inachokitambua na inachokifanya. Huo ndio uhandisi wa uso wa seli za kinga: kuchukua seli za kinga, mara nyingi za mgonjwa mwenyewe, kuziongezea kitu usoni zikiwa maabara, kisha kuzirudisha mwilini zipambane na saratani.

Hila hii inahitajika kwa sababu saratani hutokana na seli zetu wenyewe. Protini zake nyingi ni zilezile za mwili, na zile chache zisizo za kawaida huweza kuzificha. Saratani kadhaa hata hujiwekea usoni protini ya PD-L1, ambayo ikikutana na kipokezi cha PD-1 kilicho kwenye seli T huipoza seli hiyo.

Njia iliyofika mbali zaidi ni CAR-T, inayopitia kwenye jeni: seli T hupewa jeni la kujitengenezea kipokezi kipya usoni. CAR ni kipokezi cha kutengenezwa: nje kina kipande cha kingamwili (protini ya kinga) kinachonasa alama fulani kwenye seli lengwa, ndani kina mkia unaoiamsha seli. Zelig Eshhar na wenzake wa Taasisi ya Weizmann, Israeli, walionyesha mwaka 1989 kwamba jambo hili linawezekana. Matoleo ya mwanzo yalinasa vizuri lakini hayakudumu, mpaka mkia ulipoongezewa ishara ya pili ya kuamsha seli, kutoka protini ya CD28 au 4-1BB.

Mwaka 2012 mtoto wa Kimarekani, Emily Whitehead, alipewa seli hizi huko Philadelphia kwa saratani ya damu iliyokuwa imerudi baada ya matibabu. Nusura zimuue. Seli zilipoanza kazi zilichochea mwili kumwaga saitokini, protini ambazo seli za kinga huzitumia kupeana ishara, kwa wingi, homa ikapanda, akawekwa kwenye mashine ya kupumulia. Vipimo vilionyesha saitokini moja, IL-6, imezidi mno. Madaktari wakampa tosilizumabu, dawa ya ugonjwa wa viungo inayozuia IL-6, naye akapata nafuu na saratani ikatoweka. Marekani iliidhinisha tiba ya kwanza ya aina hii mwaka 2017.

Alama iliyolengwa na tiba hiyo ni CD19, ambayo iko pia kwenye seli B zenye afya, yaani seli za kinga zinazozalisha kingamwili. Hizo nazo huuawa, ila mtu huweza kuishi bila seli B akiongezewa kingamwili. Huwezi kufanya hivyo na seli za ini au mapafu, na hii ni sababu mojawapo inayofanya uvimbe mgumu, yaani saratani za viungo kama hivyo, uendelee kuisumbua CAR-T.

Njia ya pili haigusi jeni kabisa, na kwa maoni yangu haizungumzwi inavyostahili. Seli hulishwa sukari iliyofungiwa kikundi kidogo cha kemikali kiitwacho azidi. Seli hutumia sukari hiyo kujenga uso wake, na azidi huchomoza nje kama kulabu. Juu yake unapachika unachotaka, kwa mfano kingamwili. Kemia hii ya kunasisha molekuli ndani ya seli hai bila kuvuruga kitu kingine ndiyo iliyompatia Carolyn Bertozzi sehemu ya Tuzo ya Nobeli ya 2022.

Vilevile bila kugusa jeni, mwaka 2010 kundi la Darrell Irvine, wa chuo cha MIT cha Marekani, liligandisha vichembe vidogo mno vyenye dawa kwenye uso wa seli T za panya. Watafiti huviita mikoba ya mgongoni. Seli T huhitaji saitokini ili ziongezeke, lakini ukimwaga saitokini kwenye damu kwa dozi kubwa zinadhuru mwili mzima. Mkoba huipa seli iliyoubeba posho yake binafsi. Baadaye kundi hilohilo lilitengeneza mkoba unaofunguka pale tu seli T inapomtambua adui: uso wa seli hubadilika kikemia, vifungo vya salfa vinavyoushikilia mkoba hukatika, dawa inatoka. Waliushikiza kwenye protini ya CD45, ambayo seli haina haraka ya kuimeza.

Kasoro yake ni kwamba seli ikigawanyika, mikoba nayo hugawanywa, na baada ya vizazi kadhaa haibaki kitu. Mimi siioni yote kuwa hasara. Kipokezi kilichoandikwa kwenye jeni kikileta madhara, hakiondoki chenyewe.

Kwa makrofaji, seli nyingine za kinga ambazo hazigawanyiki kwa kasi hiyo, tatizo ni jingine: kazi yao ni kumeza vitu, mkoba ukiwemo. Kundi la Samir Mitragotri, Harvard, liliutengeneza kwa umbo la kisahani bapa, ambalo makrofaji hushindwa kulimeza, na kuutia intaferoni gama, saitokini inayozichochea makrofaji. Ndani ya uvimbe wa matiti wa panya, ambako kwa kawaida makrofaji hugeuzwa kuitumikia saratani, zilizobeba visahani hivyo zilibaki na ukali wao hadi siku 5.