Homoni za Tasi, Mwezi na Pepo za Msimu

Mvuvi wa Mkoani au Kizimkazi anapompasua tasi na kumkuta amejaa mayai, anaona mwisho wa kazi iliyoanza wiki kadhaa nyuma ndani ya ubongo wa samaki huyo. Ubongo hutoa homoni inayoiamsha tezi ya pituitari iliyo chini yake, na tezi hiyo humwaga katika damu homoni nyengine zinazoziendea ovari za jike na korodani za dume. Ovari hutengeneza estrojeni, ambayo huliagiza ini lizalishe protini ya kiini cha yai, na protini hiyo husafirishwa kwa damu hadi kwenye mayai yanayokua.

Lakini ubongo wenyewe huamshwa na nini? Kwa samaki wengi wa nchi za baridi, kama trauti, ishara kuu ni urefu wa mchana. Unguja na Pemba ziko takriban nyuzi 5 hadi 6 kusini mwa ikweta, na tofauti kati ya mchana mrefu na mfupi kabisa wa mwaka haifiki saa moja. Kwa hiyo joto la maji, chakula na mwezi hubeba uzito mkubwa zaidi.

Habari ya mwezi imechunguzwa vizuri kwa jamaa wa tasi wetu, Siganus guttatus, ambaye huko Okinawa, Japani, hutaga karibu na robo ya kwanza ya mwezi. Homoni ya usiku iitwayo melatonini hupungua katika damu yake wakati wa mbalamwezi na kuzidi usiku wa kiza, na huenda kwa njia hiyo mwili wake huhesabu siku. Wavuvi wetu, wanaohesabu bamvua (maji makubwa) na maji mafu kwa kufuata mwezi, hawatashangaa. Kwa maoni yangu, ufungaji wa maeneo ya uvuvi unaofuata tarehe za kalenda pekee una kasoro, kwani kaskazi, upepo wa msimu unaokuja na joto, haiingii siku ile ile kila mwaka.

Upimaji wa homoni hizi katika damu nao una mtego wake. Samaki aliyeshtuka hutoa kotisoli, homoni ya mshtuko, ndani ya dakika chache, na ikidumu hudhoofisha homoni za uzazi. Damu ya tasi aliyelala ndani ya dema (mtego wa samaki) usiku kucha hutueleza zaidi khofu yake kuliko msimu wake.