Jaribio si tajriba

Mtangazaji alisema hivi, nami ikabidi nipunguze sauti ya redio nisije nikaanza kubishana nayo: "Madaktari wamefanya jaribio la kumtoa mzee mmoja donge la damu kichwani, na jaribio limefaulu. Mzee anatembea." Siku chache kabla yake nilikuwa nimelisikia neno lilelile likitumika kinyume kabisa, jamaa anamwonya mwenzake asikubali mama yake apelekwe kwenye tiba hiyo kwa sababu "watamfanyia majaribio." Mmoja anasifu, mwingine anaogopa, na wote wawili hawazungumzii jaribio.

Nianze na lililo rahisi, kwa haraka. Kiharusi kingi hutokea pale donge la damu linapoziba mshipa unaolisha sehemu ya ubongo. Kingine hutokana na mshipa kupasuka na damu kuvuja, ila hicho tukiache, kwa kuwa hapo hakuna donge la kufuata. Kwa kile cha kuziba kuna njia mbili za kufungua mshipa. Ya kwanza ni dawa ya kuyeyusha donge, inayopitishwa kwenye mshipa wa mkono, kwa kawaida kabla saa nne na nusu hazijapita tangu dalili zianze. Ya pili ni kuingia na kulitoa donge lenyewe, na hii ndiyo inayoitwa trombektomia: kwa Kigiriki thrombos ni donge na ektome ni kukata na kuondoa. Jina linatia chumvi kidogo, maana hakuna kinachokatwa. Daktari hutoboa mshipa kwenye kinena au kwenye kiwiko cha kiganja, anapenyeza mrija mwembamba hadi shingoni na kichwani huku akiutazama kwenye skrini, kisha analinyonya donge au analinasa kwa waya wenye wavu mdogo na kulivuta nje.

Kwenye skrini hiyo mishipa ya ubongo huonekana kama mti wa kiangazi, matawi matupu meusi. Upande wenye kiharusi tawi kubwa limekatika ghafla, na ng'ambo yake ni pakavu. Wavu unavutwa, rangi inayoionyesha mishipa kwenye skrini inasukumwa tena, na tawi lote linajitokeza mpaka kwenye vijiti vya mwisho. Kwenye kitambaa cheupe kando ya meza kinawekwa kitu chekundu cha kiza, kirefu labda kama nusu ya njiti ya kiberiti. Ukishaona hivyo ni vigumu sana mtu akuambie kwamba bado hujaona ushahidi wowote. Lakini hujaona.

Hapa ndipo neno linapotusaliti. Kujaribu tumelipata kutoka Kiarabu, kwenye shina la jarraba, na shina hilo halikuja na mtoto mmoja. Limetupa jaribio, limetupa jaribu (lile la misukosuko ya maisha, ambalo wingi wake ni majaribu, na watu hulichanganya na majaribio kila siku), limetupa tajriba, na limetupa neno ninalolipenda kuliko yote, mujarabu. Tajriba ni uzoefu: yale mtu aliyoyapitia na kuyaona kwa macho yake. Mujarabu ni kitu kilichokwisha kujaribiwa. Ndiyo maana yake hasa katika Kiarabu, "kilichojaribiwa", ila sisi tunaposema dawa mujarabu tunamaanisha dawa inayoponya. Yaani lugha yenyewe imeruka kutoka "imejaribiwa" hadi "inafaa" bila kusimama njiani kuuliza ilijaribiwaje. Sidhani ni kosa la lugha, maana zamani dawa iliyojaribiwa ikashindwa nani angeendelea kuitaja? Ila mruko huo ndio unaonikera.

Basi, alichosimulia mtangazaji ni tajriba. Daktari alimtoa mgonjwa donge na mgonjwa akatembea. Ni habari njema na pengine ni kweli tupu, lakini hakukuwa na jaribio.

Jaribio la kitabibu huanza na swali ambalo jibu lake halijulikani, halafu wagonjwa wanaofanana wanagawanywa kwa kura. Si kwa huruma, si kwa nani amefika kwanza, wala si kwa daktari kumtazama mgonjwa na kuona huyu ana nguvu, huyu hana. Kundi moja linapata tiba mpya juu ya ile ya kawaida, jingine linapata ya kawaida peke yake. Nasisitiza hilo la "juu ya ile ya kawaida", kwa sababu yule aliyemwogopesha mwenzake alidhani kundi la pili linaachwa lijifie. Katika jaribio la Uholanzi linaloitwa MR CLEAN, lililohusisha wagonjwa 500, karibu tisa katika kila kumi walikuwa wameshapewa dawa ya kuyeyusha kabla hata kura haijapigwa.

Kwa nini mambo yote haya, wakati donge linaonekana likitoka? Kwa sababu watu hupata nafuu bila hilo pia. Katika MR CLEAN hiyohiyo, kwenye kundi ambalo halikutolewa donge, asilimia 19 ya wagonjwa baada ya siku 90 walikuwa wanajitegemea. Karibu mmoja kati ya watano. Ukimchukua huyo mmoja ukampeleka redioni, akatembea studio nzima, nani atajua kama alitolewa donge au hakutolewa? Kwenye kundi lililotolewa donge waliojitegemea walikuwa asilimia 33. Tofauti kati ya 19 na 33 ndiyo habari yenyewe, nayo haionekani kwa kumtazama mzee mmoja, awe amepona vipi.

Tena angalia kinachopimwa. Hakuna aliyeuliza kama mshipa ulifunguka tu na kuishia hapo. Baada ya siku 90 mtu alipiga simu, mtu asiyejua kura ilimwangukia nani, akauliza mambo ya nyumbani: unatembea bila kushikwa, unavaa mwenyewe, unayamudu mambo yako bila msaada? Majibu huwekwa kwenye mizani ya ngazi saba, kuanzia 0, mtu asiye na dalili yoyote, hadi 6, aliyefariki. Mizani hiyo ilitokana na ile aliyoiandika John Rankin wa Glasgow mwaka 1957. Picha ya mti uliochanua haina ngazi humo.

Na hapa trombektomia ina kisa ambacho natamani kila anayelitumia neno jaribio akijue. Mwaka 2004 mamlaka ya dawa na vifaa ya Marekani, FDA, iliruhusu kifaa cha kwanza cha kazi hii, waya uliojikunja kama kizibuo, ulioitwa Merci. Kiliruhusiwa kwa kazi ya kutoa donge. Soma tena: kutoa donge. Kilikuwa kimeonyeshwa kwamba kinafungua mishipa, bila kundi la pili lililogawanywa kwa kura, na madaktari wakaanza kukitumia. Kila mmoja akakusanya tajriba yake. Picha za kabla na baada zikajaa kwenye mikutano. Kupata wagonjwa wa kuingia kwenye kura kukawa kazi ngumu, maana ukishaamini kwamba kitu ni mujarabu, dhamiri inakataa kumpigia mtu kura ya kukikosa.

Majaribio matatu ya kura yalikuja kutoka mwaka 2013, yote kwa mpigo: IMS III, SYNTHESIS na MR RESCUE. Hakuna hata moja lililoonyesha faida. Katika IMS III, lenye wagonjwa zaidi ya 650, waliojitegemea walikuwa asilimia 41 upande mmoja na 39 upande wa pili. Miaka tisa ya madonge kwenye vitambaa vyeupe, na mizani haikutikisika.

Wako waliosema basi, tiba imekufa. Hao nao walikosea, ingawa kosa lao nalielewa zaidi. Jaribio hujibu swali lililoulizwa, na maswali ya 2013 yalikuwa na matundu. Baadhi ya wagonjwa waliingizwa bila picha ya kuthibitisha kwamba mshipa mkubwa umeziba kweli, kwa hiyo walikuwemo watu wasio na donge la kutolewa. Vifaa vingi vilikuwa vya kizazi cha kwanza, na wavu ulikuwa ndio kwanza umeingia. Muda nao ulikwenda, na ubongo uliokosa damu haungoji.

Waholanzi walifanya jambo ambalo sioni likitajwa vya kutosha. Kuanzia 2013 gharama za trombektomia kwao zililipwa kwa sharti kwamba mgonjwa ameingia kwenye jaribio. Hakuna mlango wa nyuma. Ndipo MR CLEAN ikakamilika, na mwaka 2015 majaribio mengine manne, ESCAPE, EXTEND-IA, SWIFT PRIME na REVASCAT, yakafuata kwa jibu lilelile: inasaidia. Takwimu za yote matano zilipounganishwa, wagonjwa 1,287, waliojitegemea walikuwa asilimia 46 dhidi ya 27. Mwaka 2018 DAWN na DEFUSE 3 yakaonyesha kwamba hata waliochelewa zaidi ya saa sita, DAWN likifika saa 24, wapo wanaofaidika, mradi picha zionyeshe kwamba bado kuna ubongo wa kuokoa. Na FDA? Septemba 2016 iliruhusu kifaa cha aina hiyo kwa maneno mapya: kupunguza ulemavu unaotokana na kiharusi. Miaka 12 ilipita kati ya ruhusa ya kutoa donge na ruhusa ya kumsaidia mwenye donge. Ukitaka kujua jaribio ni nini, ni kile kilichofanyika katikati ya sentensi hizo mbili.

Wala kazi haijaisha. Mwaka 2025 majaribio mawili, ESCAPE-MeVO na DISTAL, yaliuliza kuhusu mishipa midogo, ile ya mbali zaidi ndani ya ubongo. Donge la kule nalo hunasika, nalo hutoka. Lakini wagonjwa waliotolewa hawakuishia pazuri kuliko waliopewa tiba ya kawaida. Bila shaka yuko mahali fulani mtu aliyetolewa donge dogo namna hiyo na leo anatembea vizuri, na daktari wake anamkumbuka.

Kwa hiyo mtangazaji hakuhitaji kubadili mengi. "Madaktari wamemtoa mzee donge la damu kichwani, na anatembea," ingetosha, na mzee angebaki na furaha yake yote. Kama alitaka neno zito la kumalizia, tajriba lilikuwepo. Na yule wa maonyo, nilimwambia taratibu kwamba mama wa mwenzake, akiwa na donge kwenye mshipa mkubwa na akafikishwa mapema, hatafanyiwa majaribio. Majaribio hayo walishayapitia wengine, kwa kura, na baadhi yao ile kura iliwanyima.