Grauti si lazima iishe siku moja

Malindi utaambiwa sebule kubwa ijazwe grauti, ule uji wa saruji wa kuziba nafasi kati ya vigae, siku moja, la sivyo rangi itatofautiana. Si kweli. Kinachobadilisha rangi zaidi ni maji: kuyakadiria kwa macho kila unapokoroga, kisha kuosha vigae kwa sifongo linalochuruzika. Pima maji kwa kipimo kilekile, changanya unga wa mifuko yote ungali mkavu, na sifongo ulikamue hasa.

Anayeanza akoroge kidogo, hasa jua la kaskazi likiwaka. Grauti iliyoanza kukaza haiongezwi maji, hutupwa. Ukichoka, ishia mlangoni, au ukate ukingo wa grauti wima kwa mwiko. Ukiuacha mwembamba kama ulimi, utabanduka. Kesho lowanisha ukingo huo kidogo, uendelee. Harakaharaka ya kumaliza ndiyo huacha mashimo.