Mashini ndogo ya cheni shambani: yasemwayo Lubumbashi na ukweli wake

Mfugaji mwenye shamba kwenye barabara ya Likasi au ya Kasumbalesa akianza kuchoka na toroli na majembe, hakosi mtu wa kumwambia: nunua mashini ndogo ya kupakia, ile yenye cheni za mpira. Ushauri wenyewe si mbaya. Ni mashini ya tani tatu na nusu hadi tano hivi. Dereva hukaa katikati ya mikono miwili ya chuma, na mbele hufungwa ndoo ya kuzolea, uma wa kubebea marobota ya nyasi, au kekee ya kutoboa mashimo ya nguzo. Inasomba samadi, inapeleka majani zizini, inafungua njia iliyoharibiwa na mvua. Shida iko kwenye maneno yanayoifuata. Lubumbashi ni mji wa migodi, watu wengi wamefanya kazi karibu na mashini, na mengi yasemwayo hapa ni kweli kwa mashini za tani mia lakini si kwa hii. Mengine yametoka kwa muuzaji tu. Pesa inayowekwa hapo ni bei ya ng'ombe wengi, kwa hiyo nitakaa zaidi pale inapopotelea.

"Masaa ni kidogo, ingali mupya"

Hili ndilo neno la kwanza la muuzaji: "Papa, angalia masaa, hii mashini ingali mupya kabisa!" Kwanza, mita inayohesabu saa za kazi za mashini hubadilishwa. Inaweza kuchomolewa, au dashibodi nzima ikawekwa nyingine. Pili, hata mita ikisema kweli, haikuambii mashini ilifanya kazi wapi. Saa elfu moja kwenye udongo laini na saa elfu moja juu ya mawe makali ni maisha mawili tofauti.

Umri wa kweli husomwa mahali pengine. Angalia pedali zimelika kiasi gani, kiti kimekaaje, na vishikio vya kuendeshea vinalegea au la. Inua ndoo kidogo kutoka ardhini, injini izimwe, kisha uitikise kwa nguvu: kama pini na bushi za maungio zimekwisha, utasikia chuma kikigonga chuma. Tazama bamba la mbele linaloshika vifaa; likicheza, kila kifaa utakachofunga kitacheza. Rangi mpya iliyopakwa hadi juu ya paipu za mafuta na chuchu za grisi ni rangi ya kuficha kitu. Chini ya tumbo la mashini, tafuta mafuta yaliyoganda na vumbi.

Mwambie muuzaji asiwashe injini kabla hujafika, na ukifika uiguse kwa mkono. Ikiwa ya moto, rudi siku nyingine, kwa sababu injini iliyochoka huonyesha ugonjwa wake asubuhi ikiwa baridi. Moshi wa bluu ni mafuta ya injini yanayoungua. Moshi mweupe usiokwisha ni mazutu (dizeli) yasiyoungua vizuri au maji ya rejeta yanayoingia ndani. Mweusi mwingi ni hewa haba au mazutu kuzidi. Halafu fanya kinyume: ifanyishe kazi nzito mpaka mafuta ya haidroliki, yale yanayoinua mikono na kuendesha cheni, yapate moto kabisa, kwa sababu pampu iliyolika hujificha mafuta yakiwa mazito na hudhihirika yakiwa mepesi. Mashini iliyokuwa na nguvu dakika tano za kwanza na ikalegea baada ya nusu saa imekwambia yote. Iendeshe pia moja kwa moja mahali tambarare. Ikivuta upande mmoja, huenda mota ya kuendesha cheni ya upande huo imechoka, na hiyo ni moja ya pyesi (vipuri) ghali kuliko zote.

Jambo moja tusilisahau huku kwetu: Lubumbashi iko kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,200. Injini isiyo na tabo, kile kifaa cha kuisukumia hewa, hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa sababu ya hewa nyepesi. Nguvu zilizoandikwa kwenye karatasi za kiwanda hutazipata zote hapa, na huo si ugonjwa wa mashini.

"Cheni ingali na meno, haina neno"

Hapa ndipo wengi hulizwa. Meno ya nje ya cheni ndiyo yanayoonekana, kwa hiyo ndiyo yanayotazamwa. Lakini ndani ya mpira kuna nyuzi za chuma, na uhai wa cheni uko kwenye nyuzi hizo. Ufa uliofika kwenye chuma huingiza maji, chuma kinashika kutu, na siku moja cheni inakatika katikati ya kazi ingawa meno yake ni marefu. Lala chini na tochi. Tazama kingo za mpira kama zimechanika, na yale meno ya ndani yanayoielekeza cheni isitoke njiani.

Kisha tazama kinachoibeba. Gurudumu la meno linaloivuta likiwa na meno yaliyochongoka na kupinda kama ndoana, limekwisha. Rola zinazovuja mafuta, au rola iliyogoma kuzunguka ikalika upande mmoja, zinahesabiwa kwenye bei. Na kosa la kununua cheni mpya kisha kuzifunga juu ya gurudumu la meno lililokwisha hurudiwa mno: meno mabovu hula cheni mpya haraka, na pesa imekwenda mara mbili. Cheni zinazotunzwa, kwenye ardhi ya kawaida, hudumu kati ya saa 1,200 na 1,600. Kwenye mawe hazifiki hapo. Jozi moja hugharimu maelfu ya dola, na sehemu hizi za chini kwa jumla ndizo zinazokula pesa nyingi ya matengenezo kuliko kitu kingine chochote kwenye mashini. Mtu akiniuliza nini cha kukagua kama ana dakika kumi tu, namwambia asahau rangi, asahau mita, alale chini.

Kuna wanaosema cheni ikazwe kabisa ili isitoke. Cheni iliyokazwa kupita kiasi huua beringi za rola, hunyonya nguvu za injini na hujivuta yenyewe mpaka ichoke. Iliyolegea mno nayo huruka nje kwenye mteremko. Kipimo sahihi kimo kwenye kitabu cha mashini: unaiinua mashini, unaiegemeza vizuri, unapima cheni inaning'inia kiasi gani katikati. Kukaza ni kuongeza grisi kwenye silinda yake. Kulegeza ni kufungua valvu polepole sana, uso wako ukiwa kando, kwa sababu grisi ile iko chini ya mgandamizo mkubwa na inaweza kupenya ngozi.

Kinachoua cheni kuliko kazi yenyewe ni namna ya kugeuka. Dereva anayezungusha mashini mahali pamoja, cheni moja mbele na nyingine nyuma, juu ya saruji au kokoto, anausaga mpira kwa kila mzunguko. Ageuke kwa duara pana, au kwa kwenda mbele na kurudi. Malishoni mvua ikinyesha ni hivyo hivyo: uzito wake umetandazwa, inapita juu ya matope ambapo trekta ingezama, lakini ikigeukia mahali pamoja inang'oa nyasi na kukuachia kidimbwi.

"Ni buldoza ndogo, itasawazisha vichuguu"

Kila anayeijua ardhi ya Katanga anavijua vichuguu vyetu, vile vikubwa vya kwenye misitu ya miombo vinavyopita mita tano kwenda juu, ambavyo udongo wake tunafyatulia matofali. Mwenye shamba akinunua mashini, jambo la kwanza analolitamani ni kuviondoa. Nawasihi wasiianzie huko. Buldoza imetengenezwa kusukuma, na uzito wake wote uko nyuma ya bamba. Mashini hii imetengenezwa kuzoa na kubeba. Ukiigongesha kwenye kichuguu kikavu cha Agosti siku nzima, unavunja pini, unapinda mikono na kuchemsha mafuta ya haidroliki. Visiki vya miti iliyokatwa huchoma cheni ubavuni. Kodisha buldoza au eskaveta ije ivunje, kisha mashini yako isombe udongo ulioachiliwa. Kwa kazi hiyo inafaa sana.

Na ukisomba udongo huo wakati wa masika, usiache mashini ilale nao. Udongo wa kichuguu ukiloa huingia kati ya rola, usiku unakauka, na asubuhi rola zimefungwa kama ndani ya tofali. Uondolewe jioni kwa koleo na maji. Samadi nayo isiachwe: mkojo wa ng'ombe hula chuma na nyaya za umeme.

Kuhusu uzito wa kubeba, uliza swali moja kwa muuzaji: hiyo namba ni asilimia ngapi ya uzito unaoipindua? Kwa mashini za cheni kipimo cha tahadhari ni asilimia 35. Viwanda vingi huandika pia cha asilimia 50. Mashini inayopinduka kwa kilo 2,000 itaitwa ya kilo 700 kwenye mstari mmoja na ya kilo 1,000 kwenye mwingine, na muuzaji atakutajia mkubwa. Beba kwa mdogo, ndoo ikiwa chini. Kwenye mteremko, upande mzito ndio uelekee mlimani.

"Hii ni ya wajenzi, si ya shamba." Hapana. Ukoo wake ulianzia bandani. Mwaka 1957 huko Minnesota, Marekani, ndugu wawili, Louis na Cyril Keller, walimtengenezea mfugaji wa bata mzinga mashini ndogo ya magurudumu matatu ya kuzolea samadi mahali ambapo trekta haikupita. Cheni zilikuja baadaye, lakini kazi ni ile ile.

"Chukua ya karibuni zaidi"

Kwa gari huenda ni kweli. Kwa mashini hii, mwaka unahitaji kufikiriwa. Tangu miaka ya 2010, sheria za hewa safi za Marekani na Ulaya zimewalazimisha watengenezaji kuweka vichujio vya moshi, na kwenye injini za kilowati 56 na zaidi, mara nyingi na tangi la AdBlue pia, yale majimaji ya kusafishia moshi. Vifaa hivyo vilibuniwa kwa mazutu yenye salfa kidogo mno: sehemu 15 kwa milioni Marekani, 10 Ulaya. Mazutu yenye salfa nyingi huviziba na kuviharibu, kisha kompyuta inaipunguza mashini nguvu hata kama injini yenyewe ni nzima. Kama huna hakika na mazutu unayonunua, mashini ya kabla ya vifaa hivyo, iliyotunzwa, inafaa zaidi. Vinginevyo tafuta ya chini ya kilowati 56, na usome kwenye kibati cha injini kama ina kichujio cha moshi au haina.

Mazutu ya mapipa yana jambo lake. Pipa likisafirishwa, liache litulie kabla ya kunyonya, bomba lisifike chini kabisa, na maji kwenye kitenganishi cha maji na mazutu yamwagwe kila asubuhi. Sindano za kunyunyizia mazutu kwenye injini za kisasa haziwezi kustahimili maji wala mchanga.

Filta ya hewa wengi huipuliza kila siku kiangazi, wakidhani ni utunzaji. Kila ukiifungua, vumbi jekundu linaingia. Fungua pale kiashiria kinapokuambia. Filta ya nje, kitabu kikiruhusu, ipulizwe kwa hewa ya nguvu ndogo kutoka ndani kwenda nje. Ya ndani haipulizwi kamwe, inabadilishwa. Rejeta ndiyo inayotaka kusafishwa kila siku, maana mbegu za nyasi huijaza. Majani makavu yaliyokusanyika chini ya injini yatolewe pia: mashini nyingi zimeungua kwa sababu hiyo.

Juu ya mafuta nitasema moja tu. Ya injini watu hukumbuka. Ya gia zilizomo ndani ya gurudumu linalovuta cheni husahauliwa miaka, mpaka sili ipasuke kwa matope na gia zikauke. Yakaguliwe kwa saa zilizoandikwa kitabuni, na yakitoka yakiwa na rangi ya maziwa, maji yameshaingia.

"Huu ni mji wa mashini, pyesi hazikosi"

Za malori makubwa ya migodini, ndiyo. Za hizi ndogo, hapana, si kwa kila aina. Kabla ya kulipa, nakili namba ya mashini na namba ya injini. Piga simu Johannesburg, Kitwe au Ndola, uulize vitu vitatu: cheni, mota ya kuendeshea cheni, pampu kubwa. Uliza bei na siku za kufika mpakani Kasumbalesa. Muuza pyesi asiyeitambua namba hiyo amekuokoa. Vifaa vya mbele navyo vipimwe hivyo hivyo. Bamba linaweza kulingana, lakini mashine ya kusaga vichaka hutaka mafuta mengi ya haidroliki, mara nyingi zaidi ya lita 110 kwa dakika, na mashini ya kawaida hutoa kati ya 60 na 90.

Neno la hatari kuliko yote hulisema mafundi wenyewe: kwamba mikono ikiwa juu na injini imezimwa, haishuki. Si kweli: inashikiliwa na mafuta tu. Paipu ikipasuka au mtu akigusa kishikio, inashuka pamoja na ndoo. Kila mashini ilitoka kiwandani na chuma au pini ya kuizuia mikono, na hakuna kazi inayofanywa chini yake kabla hicho hakijafungwa. Wakati wa kununua, kiulize. Kama kimepotea, gharama yake ipunguzwe kwenye bei na kiagizwe kile cha kiwanda, kabla fundi yeyote hajaingia chini.