Kwa nini wanafunzi wa Marekani walitumwa kuchuma magugu wakati wa vita?

Septemba 1944, Vita Kuu ya Pili ya Dunia vikiendelea, watoto wa shule katika majimbo mengi ya Marekani walibeba mifuko ya wavu ya vitunguu na kwenda kando ya reli, barabara na mashamba kuchuma maganda ya mbegu za gugu ambalo wazazi wao walilichukia. Gugu lenyewe ni Asclepias syriaca. Lina utomvu mweupe wenye sumu, na mfugaji akiliona malishoni huling'oa. Kaulimbiu ya kampeni ilisema kwamba mifuko miwili huokoa maisha ya mtu mmoja, na hesabu hiyo ilikuwa ya kweli: nyuzi zilizotoka katika mifuko miwili ya maganda zilitosha kujaza jaketi okozi moja la baharia.

Kabla ya hapo jaketi hizo zilijazwa sufi, hii hii ya msufi inayojazwa kwenye mito na magodoro huku pwani kwetu. Sehemu kubwa ya sufi iliyouzwa duniani ilitoka Java, na Machi 1942 Japani ikaiteka Java. Kamba za meli nazo zikapata pigo lilelile, maana nyuzi zake zilitoka Ufilipino: mkonge wa Tanganyika ukawa lulu, na huko Kentucky vijana wa 4-H, klabu za vijana wa vijijini, wakapewa kazi ya kuzalisha mbegu za bangi ya nyuzi. Kuhusu mbadala wa sufi, daktari mmoja wa Chicago, Boris Berkman, alikuwa akilipigia debe lile gugu kwa muda. Sasa serikali ikamsikiliza, na kiwanda cha kuchambua nyuzi kikajengwa Petoskey, Michigan.

Hapa ndipo maelezo mengi hupotoka. Ukiuliza kwa nini sufi huelea, utajibiwa kwamba ni kwa sababu ni nyepesi. Jibu hilo linaridhisha mpaka uchukue pamba. Bonge la pamba nalo ni jepesi mkononi, lakini liloweshe na kulikamua ndani ya maji litoke hewa, nalo litazama. Dutu inayojenga nyuzi hizi zote, selulosi, ni nzito kuliko maji, karibu mara moja na nusu. Kwa hiyo kama wepesi wa mkononi ungekuwa ndiyo siri, Jeshi la Majini la Marekani lisingehangaika na magugu wakati pamba ya majimbo ya kusini ilikuwepo tele.

Siri iko kwenye umbo la uzi. Fikiria mrija wa kunywea soda uliozibwa ncha zote mbili. Plastiki yake ni kidogo sana, na nafasi karibu yote ndani yake ni hewa. Uzamishe, nao utarudi juu, kwa sababu unasukuma maji mengi kando kuliko uzito wake wenyewe. Sasa upunguze mrija huo uwe mwembamba kuliko unywele na mfupi wa sentimita mbili tatu, uupake nta nje, kisha ukusanye mamilioni ya mirija hiyo ndani ya mfuko wa kitambaa. Mmoja ukipasuka, mingine haijali. Hilo ndilo lililomo ndani ya sufi, na ndilo lililomo ndani ya ganda la gugu lile. Uzi wa pamba nao huanza maisha ukiwa na tundu, lakini ukikauka hujikunja na kubonyea, na ukisafishwa hauna nta ya kuyazuia maji.

Nta ndiyo nusu ya pili ya jibu, na mara nyingi husahaulika. Hewa haikai ndani ya nyuzi tu; hukaa pia katikati yake, kwa sababu maji hayawezi kujipenyeza baina ya nyuzi zenye nta. Kilo moja ya sufi iliyopakiwa vizuri hubeba majini kilo 20 hadi 30. Hapo mtu atauliza: baharia wa kilo 70 atabebwaje? Mwili wa binadamu karibu uelee wenyewe. Unachohitaji ni msaada wa kilo chache ili uso ukae juu ya maji, ndiyo maana nusu kilo na ushee ya nyuzi ilitosha.

Na kwa nini watoto? Wapo wanaosema ilikuwa njia ya kuwapa ari ya kizalendo tu. Ari ilikuwepo, lakini mmea wenyewe uliwahitaji. Uliota ovyo, huku kidogo na kule kidogo. Ukiupanda kwa mbegu, hungoja miaka kabla ya kuzaa vizuri, na vita havikungoja. Maganda yalipaswa kuchumwa mbegu zikishageuka kahawia na kabla hayajapasuka, yaani ndani ya majuma machache, kisha kuanikwa kwenye seng'enge ndani ya ile mifuko ya wavu yasioze. Mashine ya kazi hiyo haikuwepo, na vijana wenye nguvu walikuwa jeshini au viwandani. Mfuko uliokauka ulilipwa senti 20.

Mtandao wa kuwaita watoto hao ulikuwa tayari: shule, maskauti, na 4-H iliyokuwa chini ya huduma za ugani. Kwenye sekondari, wavulana wa kilimo walikuwa na Future Farmers of America tangu 1928, na wavulana weusi wa shule za kusini zilizotengwa kwa rangi walikuwa na New Farmers of America tangu 1935. Wasichana wa sayansi kimu walikuwa na klabu za majimbo yao.

Kadirio linalotajwa sana ni kwamba nyuzi zilizokusanywa zilijaza jaketi milioni 1.2, na lichukuliwe kama kadirio. Vita vilipokwisha, sufi ya Asia ikarudi sokoni na kiwanda cha Petoskey kikafungwa. Nta ile ina tabia moja zaidi: inayafukuza maji na kuyavuta mafuta. Kwa jaketi huo ni udhaifu, kwa sababu sufi iliyolowa petroli hupoteza uwezo wa kuelea. Kwa bahari iliyochafuliwa ni faida, na huko Quebec, Kanada, wakulima walianza kulilima gugu hilo makusudi ili nyuzi zake zifyonze mafuta yaliyomwagika majini.