Bahari si ileile: kwa mzazi anayempeleka mtoto Karibi

Jumanne usiku nimepokea ujumbe wa sauti wa dakika nne. Dada mmoja wa hapa Toronto, mtu wa Mombasa kwa lafudhi yake, anataka kumpeleka mwanawe akaione bahari kwa mara ya kwanza. Mtoto ana mwaka mmoja na miezi kumi na moja. Hoteli ameshajitafutia mwenyewe mtandaoni, Barbados: minazi, mchanga, maji ya buluu, bei ya kushangaza. "Wewe nikatie tiketi tu, dada'ngu. Hoteli iko ufukweni kabisa. Na bahari ni ileile, sisi watu wa pwani tufundishwe bahari na nani?"

Nikaifungua ramani. Hoteli iko Bathsheba.

Nilicheka kwanza. Kisha nikakasirika, maana ni miaka kumi na mbili sasa nawapangia watu safari za Karibi na sentensi hiyo, "bahari ni ileile", nimeisikia mara nyingi kuliko "habari za asubuhi". Kwa hiyo leo naandika, na wa kesho nitamtumia kiungo hiki badala ya kupiga kelele kwenye simu.

Bathsheba iko mashariki mwa Barbados. Kutoka pale kwenda mbele hakuna ardhi mpaka Afrika. Wimbi linalovunjika pale limevuka Atlantiki nzima bila kuzuiwa na kitu, na ndiyo maana watu wa kuteleza juu ya mawimbi wanatoka nchi za mbali kuja pahala paitwapo Soup Bowl, bakuli la supu, kwa lile povu lake. Ni pazuri mno. Nami hupenda kwenda kukaa nikatazama. Lakini wenyeji wenyewe hawaogelei pale. Wanajilaza kwenye vidimbwi vilivyo katikati ya miamba na kuiacha bahari ifanye mambo yake. Sasa vuka kisiwa uende upande wa pili, Paynes Bay au Carlisle Bay, maji yametulia kama ya kwenye beseni. Kisiwa chenyewe upana wake ni kilomita 23 hivi. Mtu analipa maelfu ya dola, anasafiri saa tano angani na mtoto anayelia, halafu anakosea kwa kilomita 23.

Na wabishi wakubwa ni sisi wa pwani. Wa kutoka Dodoma au Eldoret ukimweleza anasikiliza. Wa Tanga (mimi ni wa Tanga, nina haki ya kusema) anakwambia amezaliwa na chumvi mwilini. Tatizo ni kwamba bahari tunayoijua inaongozwa na vitu viwili, msimu na maji kujaa na kupwa, na vyote viwili kule havikusaidii.

Chukua upepo. Kwetu kaskazi ikiisha kusi inaingia, na upande uliokuwa mtulivu unachafuka, uliochafuka unatulia. Tumezoea kuuliza "mwezi gani?" Karibi upepo unatoka mashariki mwaka mzima. Unaongezeka nguvu Desemba na Januari, unalegea kidogo Septemba na Oktoba, ila haugeuki. Babu yangu alikuwa na mashua, akatufundisha kabla hatujajua kusoma kwamba chombo kina upande wa goshini, unaopigwa na upepo, na upande wa demani, uliokingwa. Kisiwa cha Karibi ni chombo kilichotia nanga mbele ya upepo usiogeuka. Goshini ni goshini siku zote, demani ni demani siku zote. Swali la kwanza, basi, ni upande gani. Mwezi utafuata baadaye.

Chukua maji kujaa na kupwa. Kila mwaka napata mteja anayeniuliza bamvua, yaani maji makubwa ya kujaa na kupwa, itaangukia tarehe ngapi. Naelewa. Ukikaa Paje au Jambiani maji yakitoka unatembea nusu saa hujafika magotini, kwa hiyo siku nzima ya mtoto unaipanga kwa maji. Lakini Zanzibar bamvua inafika hata mita nne. Karibi sehemu nyingi tofauti ya kujaa na kupwa haifiki nusu mita. Mgeni haioni. Ina maana hakuna saa ya kungojea: ufukwe ukiwa mbaya saa mbili asubuhi, saa kumi jioni utakuwa mbaya vilevile.

Halafu kuna lile jambo la majina, linaloniudhi kupita yote. Vile visiwa vya mashariki Waingereza waliviweka mafungu mawili: Dominica, St Lucia, St Vincent na Grenada wakaviita vya upande wa upepo, Antigua, St Kitts na wenzao wakaviita vya kukingwa upepo. Mteja anasoma hivyo, anasema, "Basi twende Antigua, imekingwa." Haikukingwa na chochote! Jina ni la kundi zima la visiwa, la enzi za meli za tanga, halisemi neno lolote kuhusu ufukwe wako. Antigua ina goshini yake na demani yake kama kisiwa kingine chochote. Nenda Half Moon Bay, kusini-mashariki, uone jinsi wimbi linavyomchota mtu mzima miguu. Nenda Dickenson Bay au Jolly Beach, magharibi, na mtoto anakaa majini kama kwenye sinia. Kisiwa kimoja, jina moja. Nimeshalieleza hili kwa watu wenye shahada mbili.

Kama unataka kanuni ya kubeba mfukoni: tafuta ufukwe ambao jua linazama baharini mbele yako. Seven Mile ya Grand Cayman, Negril ya Jamaika, Grand Anse ya Grenada, Eagle Beach ya Aruba, zote hizo zinatazama magharibi. Ukiona tangazo linasifia "macheo yasiyosahaulika", mshike mtoto mkono.

Sasa kanuni hiyo ina matundu, na ningekuwa nauza kitu hapa ningenyamaza. Tundu la kwanza ni mwamba. Grace Bay ya Turks na Caicos inatazama kaskazini, kwa kanuni yangu ingefaa uikimbie, lakini mwamba wa matumbawe umejipanga mbele yake na mawimbi yanafia huko nje. Bávaro, kule Punta Cana, Jamhuri ya Dominika, inatazama mashariki kabisa, nayo kuna sehemu zimekingwa na mwamba na sehemu hazikukingwa, hoteli zikiwa jirani. Hapo picha ya setilaiti inashinda maelezo yoyote: tafuta mstari mweupe wa povu ulio mbali na nchi kavu. Ukiuona mstari mbali, afadhali. Ukiuona umegusa mchanga, umepata jibu.

Tundu la pili lilinitia aibu. Januari ya miaka kadhaa nyuma nilimpeleka baba mmoja na mkewe na binti yao wa miaka mitatu Barbados, upande wa magharibi, kwa maneno yangu yaleyale: "Maji ya beseni, kaka, usiwe na wasiwasi." Siku ya pili bendera nyekundu. Ya tatu nyekundu. Ya nne nyekundu. Jua linawaka, hewa shwari, na bahari inapiga mpaka kwenye ngazi za hoteli. Dhoruba ya majira ya baridi ilikuwa imepiga mbali huko Atlantiki ya Kaskazini, na mawimbi yake marefu yakashuka siku kadhaa baadaye, yakaingia kwa upande ambao upepo wa mashariki hauna habari nao. Hutokea kati ya Novemba na Aprili, yaani msimu uleule ambao sisi mawakala tunauita bora na kuuza kwa bei ya juu. Yule baba alinitumia picha: binti yake amekaa kibarazani ndani ya beseni la plastiki la bluu, kofia kichwani, uso umenuna. Chini ameandika, "Dada, nimelipata lile beseni ulilosema." Nimeihifadhi. Utabiri wa mawimbi hayo hutolewa siku chache kabla, wakati tiketi ilishakatwa miezi mitano iliyopita, na sijawahi kupata dawa ya jambo hilo.

La tatu hata si tundu, ni hatari iliyomo ndani ya kanuni yenyewe. Demani maji yametulia kwa sababu upepo unatoka nchi kavu. Sawa? Basi unasukuma kuelekea wapi? Baharini. Mzazi anaona maji kama kioo, anampulizia mtoto lile puto la bata, anamkalisha juu, anageuka kuchukua simu apige picha. Bata ni tanga. Aruba upepo una nguvu kiasi kwamba miti yake ya divi-divi imeinama yote kuelekea kusini-magharibi, kama watu walio kwenye rukuu. Bata wa plastiki atakuwa na ubavu gani mbele ya upepo huo? Mimi wateja wangu nawaambia vitu vya kupuliza viishie kwenye bwawa la hoteli. Wanaonitii ni wachache, maana bata kashanunuliwa.

Watu hupenda pia kuniambia kuhusu Baby Beach ya Aruba, kwamba jina tu linatosha. Ni kweli ni kidimbwi kipana cha maji ya kina kifupi, kimezungukwa, kizuri kwa mtoto. Kaa ndani. Kule kwenye mwanya kinakofungukia bahari kuna mkondo, na mkondo hausomi majina.

Mengine nitayapitia haraka.

Mwani. Tangu 2011 mwani wa sagasamu umekuwa ukitupwa Karibi kwa wingi usio wa kawaida, zaidi kati ya Aprili na Agosti, na zaidi pande za mashariki na kusini. Wapemba msifurahi, huu hauanikwi ukauzwa. Unaoza ufukweni na kunuka mayai viza, na mtoto mwenye pumu utamhamisha chumba. Sababu moja zaidi ya kwenda magharibi.

Vimbunga. Msimu ni tarehe 1 Juni mpaka 30 Novemba, kilele ni mwisho wa Agosti na Septemba. "Lakini Grenada iko kusini, haipigwi." Ivan, Septemba 2004, aliezua sehemu kubwa ya nyumba za Grenada. Beryl aliipiga Carriacou, kisiwa cha Grenada hiyohiyo, tarehe 1 Julai 2024, mwanzoni kabisa mwa msimu. Aruba, Bonaire na Curaçao ndizo zenye nafasi nzuri zaidi ya kusalimika, ingawa siandiki "haiwezekani". Na bima inunuliwe mapema. Kimbunga kikishapewa jina, bima ya kukihusu huipati. Kwa mtoto ambaye hajaanza shule, mimi napenda wiki mbili za mwanzo wa Desemba. Vimbunga vimeisha na bei za Krismasi hazijaanza.

Malaria ni kisiwa cha Hispaniola tu, yaani Haiti na Jamhuri ya Dominika. Kidingapopo kiko karibu kila mahali, kwa hiyo dawa ya mbu mchana pia. Usubi unatoka alfajiri na magharibi, wakati uleule mnapotaka picha. Losheni ya jua: Aruba, Bonaire na Visiwa vya Virgin vya Marekani vimepiga marufuku zile zenye kemikali iitwayo oksibenzoni, soma kichupa kabla ya kufunga sanduku, na fulana ya mikono mirefu ya kuogelea inafanya kazi kuliko losheni yoyote kwa mtoto asiyetulia. Teksi nyingi hazina kiti cha mtoto, beba chako. Wenye pasi za kwetu: ndege ikipita Miami unahitaji viza ya Marekani hata kama hutoki nje ya uwanja, na viza ya Schengen peke yake haikuingizi Martinique wala Guadeloupe, ijapokuwa ni Ufaransa.

Ila mti huu nisiupitie haraka. Unaitwa manchinili, unaota ufukweni penyewe, una kivuli kizuri cha kutandika mkeka. Tunda lake ni dogo, la kijani, linafanana na tofaa changa, linanukia, na linaanguka chini kwenye mchanga pale mtoto anapotambaa. Ni sumu. Utomvu wake unababua ngozi, na mvua ikinyesha hata matone yanayodondoka kwenye majani yanaunguza. Mara nyingi shina hupigwa mstari wa rangi nyekundu au kuwekwa kibao, ila si kila shina. Mtoto wa miaka miwili anatia kila kitu mdomoni. Kabla ya kutandika, inua macho utazame uko chini ya mti gani.

Na nikiri jambo ambalo wakala hatakiwi kulisema. Kwa umri huo sina hakika bahari yenyewe ina kazi kubwa. Wanangu wawili nimewapeleka. Wote walicheza na ndoo, koleo na shimo moja la mchanga kwa siku saba, na bahari waliitumia kama bomba la kujazia ndoo. Wa pili aliogopa sauti ya wimbi mpaka siku ya tano. Pengine tunaenda kwa ajili yetu, tunamtumia mtoto kama sababu. Ni sababu nzuri, siipingi.

Sasa wewe dada wa Jumanne. Bathsheba nimeiacha. Nimekushikia chumba cha chini upande wa magharibi, karibu na Holetown, bei imepanda kidogo na najua utanigombeza. Kwa siku moja mtakodi gari mwende Bathsheba mkale samaki na kutazama mawimbi, mtoto mgongoni. Nitumie tarehe yake ya kuzaliwa kama ilivyoandikwa kwenye pasi, maana kwa hesabu yangu atafikisha miaka miwili mkiwa hukohuko, na wakati wa kurudi shirika la ndege halitakubali apakatwe. Atahitaji kiti chake, na kiti nataka nikilipie kabla ya Ijumaa.