Sukari ya mzee: namba ndogo si ushindi kila mara

Mzee mwenye kisukari aina ya pili akipimwa, mashine ikasoma 4, nyumba nzima hufurahi: sukari imeshuka! Wengi huamini kadiri namba inavyopungua ndivyo mgonjwa anavyokuwa salama. Kwa mtu wa miaka 75 anayemeza dawa za kushusha sukari, si lazima iwe hivyo.

Ikishuka chini ya milimoli 3.9 kwa lita, mwili huanza kulalamika. Kijana hutetemeka, jasho humtoka, akajua. Kwa mzee dalili hizo mara nyingi hufifia: utamkuta ameduwaa, anaongea yasiyoeleweka, au ameanguka akienda chooni usiku, na watu waseme ni uzee tu. Nyonga ikivunjika, kwenda sokoni au msikitini mwenyewe huwa shida.

Vidonge vya kushusha sukari vya glibenklamaidi, vya bei nafuu na vilivyozoeleka kwetu, vinahitaji macho zaidi. Hufanya kazi kwa saa nyingi, na figo zikichoka dawa hukawia kutoka mwilini. Bibi akimeza asubuhi, kisha uji ukamshinda, hapo ndipo hatari.

Ndiyo maana Chama cha Kisukari cha Marekani kinashauri lengo la HbA1c (kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari kwa miezi miwili hadi mitatu) lilegezwe, liwe chini ya asilimia 8 kwa mzee mwenye maradhi mengi. Si kwamba sukari iachwe ipande ovyo. Ikizidi humkojoza usiku kucha na kumkausha maji. Dawa zisikatwe nyumbani. Muulizeni daktari kama dozi ya miaka ile bado inamfaa, na mtajieni kila mara mzee alipoanguka.